Mtani wa Maduhu Chini ya Ulinzi

Zamoyoni binti Abdulwahab, ambaye Mashineni nzima inamwita Mama Zuhra, ni Mzaramo wa kuambiwa. Uzaramo wenyewe ameuona mara moja tu, alipokwenda Kisarawe kumzika shangazi yake, na huko ndugu zake walimcheka siku tano mfululizo kwa sababu alisalimia kwa Kisukuma na hakujua kukuna nazi. Aliyekuja huku ni babu yake, enzi za Mwingereza, na reli. Alishushwa Isaka kupakia marobota ya pamba, akawaona wanawake wa Kisukuma, akasahau kurudi. Kizaramo alichomwachia mjukuu ni maneno manne, na mawili kati ya hayo huwezi kuyasema mbele ya mkweo.

Lakini Mzaramo ni Mzaramo, na kwa Msukuma Mzaramo ni mtani wake. Mashineni ni mji mdogo wa mashine za kukoboa mpunga, uko kati ya Kagongwa na Isaka, ukisinzia ndani ya basi unaupita. Na Mzaramo hapo alikuwa mmoja tu. Hebu fikiria kazi aliyokuwa nayo. Harusi ikifungwa, yuko mlangoni anamzuia bwana harusi. Mtoto akizaliwa, yeye ndiye wa kwanza kuuliza mbona kafanana na fundi baiskeli. Na msiba ukitokea, basi tena, hapo ndipo kazi hasa. Watu wamejiinamia, yeye anaingia, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaiba sufuria jikoni, analala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Hilo ndilo linalotakiwa. Mwenye msiba akishacheka hata mara moja, kifua kinamfunguka, anapata na kula.

Kwa kazi hiyo hakupata mshahara wala pensheni. Riziki yake ilikuwa chai na vitumbua, kibandani kando ya barabara, pale ambapo malori yanayotoka bandari kavu ya Isaka hupunguza mwendo kwa sababu ya matuta. Madereva wa Burundi, wa Rwanda, wa Kongo, wote walimjua, na wote alikwisha kuwatukana.

Mtani wake mkubwa alikuwa Maduhu, fundi wa mashine ya mpunga. Miaka thelathini na nne walitukanana watu hawa bila kupumzika hata Krismasi wala Idi. Siku Zamoyoni alipoolewa na Sufiani, Maduhu aling'oa mlango wa nyumba ya maharusi akaenda nao kwake, na fungate yote ikapita kwa pazia. Maduhu naye alipopeleka posa kwa kina Suzana, akakuta Zamoyoni ametangulia, amekwisha kumweleza baba mkwe kwamba kijana ni mzuri sana isipokuwa ana kifafa, ana mke Bukoba, na usiku anakojoa. Posa ikachelewa miezi miwili.

Sufiani alipofariki, Zamoyoni alidhani hatacheka tena duniani. Wanaume wakanyanyua jeneza kulitoa nje, wakamkuta Maduhu amelala kizingitini, mtu mzima mwenye kitambi, anasema Sufiani haendi popote mpaka arudishe pampu ya baiskeli aliyoazima mwaka juzi. Shehe mwenyewe akabaki ameshika ndevu. Na Zamoyoni, chini ya kanga aliyojifunika, akacheka. Kisha akalia kilio kilichokuwa kimemkwama siku mbili, na usiku huo akalala.

Arobaini ilipokwisha, Maduhu alimfuata kibandani, akanywa chai, akasema kama mtu anayeagiza sukari: "Mimi nikitangulia, usije ukajikalia mkekani na wenzako ukajifanya mama wa heshima. Suzana wangu halii yule, anameza. Umchekeshe kabla hamjanifukia."

"Tangulia basi," Zamoyoni akamjibu. "Unanichelewesha."

Wakapeana mikono. Mwaka huu, Jumanne moja saa tano ya asubuhi, Maduhu akaanguka mbele ya mashine yake. Presha. Pikipiki ya kumpeleka hospitali ilimkuta amekwisha kwenda.

Sasa tumwache marehemu kidogo, tuwaseme polisi.

Kituo kidogo cha Mashineni kilikuwa kimeletewa askari wapya wawili, wabichi kabisa kutoka chuoni, Mwita na Donatus. Mkuu wa kituo, Inspekta Juliana, ni mzaliwa wa Tinde, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alichoka kuona watu wanaikimbia sare kama wanavyokimbia nyuki. Akawaambia vijana wale: nendeni kwenye misiba, nendeni kwenye harusi, nendeni mnadani. Kaeni na watu. Wiki mbili kuanzia leo nataka nikipita mtaani nikauliza Mwita ni nani, niambiwe ni mtu gani. Nisionyeshwe kofia.

Mwita alikuwa kijana wa Tarime, mrefu, mabega kama mlango, mtiifu kupita kiasi. Akanunua daftari dogo la kuandikia majina ya watu aliozoeana nao. Siku ya kwanza alikwenda kibandani kwa Zamoyoni, akapiga saluti, akasema: "Shikamoo mama. Mimi ni Konstebo Mwita, nimekuja kujitambulisha." Kabla hajamaliza, vijana wanne wa bodaboda waliokuwa wanakunywa chai, wote bila helmeti na wawili bila leseni, wakapotea kama moshi, na vikombe vimejaa.

"Marahaba," akasema Zamoyoni. "Umeshajitambulisha vya kutosha. Sasa kaa unywe hizo chai nne."

Akazinywa zote nne, masikini, na akalipa. Jioni akaandika katika daftari lake: Mama wa vitumbua, mkorofi. Wiki mbili zikakaribia kwisha na jina lilikuwa hilohilo moja.

Alhamisi ikafika, siku ya maziko ya Maduhu. Kaburi lilikuwa limechimbwa ng'ambo ya reli, na katekista alikwisha kutangaza kwamba saa kumi kamili marehemu anashushwa, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Kahama na udongo ule ukilowa haushikiki. Zamoyoni alifika saa saba. Akaenda kwanza kumtazama Suzana.

Suzana alikaa mkekani, mgongo ukutani, macho makavu. Tangu Jumanne hakulia, hakula, hakusema neno. Bintiye Paskalia alikuwa anamlisha uji kwa kijiko na uji unarudi kidevuni. "Mama Zuhra," akanong'ona Paskalia, "mama anatupotelea." Zamoyoni akaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuipata katika misiba yote aliyoichezea. Safari hii marehemu alikuwa wake. Na mtani hatakiwi kulia msibani kwa mtani wake. Akilia yeye, nani atabaki wa kuchekesha?

Akaingia chumbani, akatoka amevaa koti la Maduhu na pama la Maduhu, ile kofia yake pana, kitambi amekitengeneza kwa mto. Akatembea kwa mwendo wa Maduhu, ule wa mtu aliyebeba gunia hata kama hana kitu. Akawauliza waombolezaji wanamlilia nani, maana yeye Maduhu mwenyewe ndiye huyu, na kama ni yule aliyelala ndani, yule ni mpunga tu haujakobolewa. Wanawake wakaanza kujifinya. Wazee wakakohoa. Akawakaripia wachimba kaburi kwamba shimo walilochimba ni la mtu mwembamba, warudi wakapime upya. Kicheko kikapita uani, na pale mkekani, kona ya mdomo wa Suzana ikacheza. Kidogo tu. Zamoyoni aliiona.

Akajua amebakiza hatua moja. Akaenda jikoni, akaepua sufuria kubwa ya nyama, akaifunika kwa sinia, akatia kata kichwani akajitwika, akatoka nayo mbio mlangoni anatangaza kwamba urithi wake ameupata, wengine wagawane ng'ombe.

Akagongana na Mwita.

Kijana alikuwa amekuja kutimiza amri. Amenyoosha sare, ana rambirambi yake mkononi kwenye bahasha. Na alichokikuta, mwenzangu, ni yule mama mkorofi, amevaa koti la mwanamume, anatoroka na nyama ya msiba huku watu zaidi ya mia wanamtazama na hakuna anayemzuia. Mwita akafikiri kwa haraka, na ndipo alipoharibu. Alifikiri watu hawa wanamwogopa.

"Mama, weka sufuria chini. Uko chini ya ulinzi."

Msiba mzima ukapasuka kwa kicheko. Wanawake wakapiga vigelegele. Watu walidhani Zamoyoni safari hii kajipita, kaenda mpaka kituoni kuazima askari. Zamoyoni naye alidhani ni Stanslaus, mtoto mkubwa wa Maduhu, aliyempanga askari ili kumrudishia. Akamwonea fahari kijana yule. Kumbe na akili anazo.

"Umechelewa, afande," akasema. "Nimeshaionja."

"Koti hili la nani?"

"La Maduhu."

"Marehemu? Amekupa?"

"Nimemvua."

Mwita akatoa daftari lake. "Umemvua lini?"

"Jumanne. Alikuwa anakata roho, akawa hana nguvu za kunikatalia."

"Kwa hiyo ulikuwepo wakati anakufa?"

Pasi kama hiyo mtani hawezi kuiacha ipite. "Nisiwepo vipi," akasema Zamoyoni kwa sauti ya kufika mpaka mkekani, "na mimi ndiye niliyemuua? Miaka thelathini na nne namtilia mate kwenye chai. Juzi ndipo yamekolea."

Watu wakaanguka. Mzee mmoja alishikwa na kwikwi, ikabidi apigwe mgongoni. Mwita akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona mji mzima unacheka mauaji. Chuoni hawakumfundisha hilo. Akamshika Zamoyoni mkono, kwa adabu lakini kwa nguvu, akaondoka naye, na sufuria ikiwa ileile kichwani maana sasa ilikuwa kielelezo. Zamoyoni akageuka kuwapungia watu mkono kama mheshimiwa. Akauona uso wa Suzana. Ulikuwa umerudi kuwa kama ubao.

Ah, nitarudi sasa hivi, akajisemea.

Njiani aliendelea kuchekesha. Akamsifu Mwita kwa kuigiza bila kutabasamu, kipaji hicho. Akamwuliza ameahidiwa nini na Stanslaus, kuku au mbuzi. Mwita akakaza mwendo. Kituoni walimkuta Donatus peke yake, anafua soksi kwenye ndoo. Inspekta Juliana na wengine walikuwa wamekwenda upande wa Isaka, ambako lori lilikuwa limelala barabarani na shehena ya sabuni, na kila mwananchi mwenye mikono miwili alikuwa anaisaidia kuhama.

"Vua ndala, mama," akasema Mwita. "Koti na kofia uweke hapa mezani."

Zamoyoni akacheka. Mwita akachukua kalamu. Kisha Zamoyoni akalitazama lile likitabu kubwa la kituo, kurasa zimepigwa namba, akatazama na lile lango la vyuma nyuma ya Mwita, na kicheko kikaanza kumwisha.

"Mwanangu, wewe unafanya kweli?"

"Jina kamili."

Akataja. Mwita akaandika.

"Kabila?"

"Mzaramo."

"Uhusiano wako na marehemu?"

"Mtani wake."

Mwita akafikiri kidogo, akaandika: jirani.

"Usiandike jirani, andika mtani. Sikia, baba. Mimi kwa Wasukuma ni mtani. Msiba wao ni kazi yangu. Naiba, natukana, nazuia kaburi. Ni haki yangu."

"Mama, watani najua. Hata chuoni Wangoni na Wabena walikuwa wanataniana. Lakini mimi kwetu sijawahi kuona mtu anaiba nyama msibani. Hiyo haki unayosema ipo kwenye sheria?"

"Ipo."

"Kifungu cha ngapi?"

Zamoyoni akaanza kuhesabu kwa vidole, akakwama kwenye cha tatu. Mwita akaendelea kuandika kwa mwandiko mzuri wa shule: anakiri kumtilia marehemu mate katika chai kwa muda wa miaka thelathini na nne. Akampigia simu Inspekta Juliana. Haikupatikana. Akapiga tena. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa nane na nusu.

Hapo Zamoyoni akasimama akaishika meza kwa mikono miwili. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Afande, nifunge. Nifunge hata mwaka, nitawapikia na chai. Ila nifunge kesho. Saa kumi wanamshusha. Pale nyumbani kuna mjane amekaa siku ya tatu hajatoa chozi, na mimi nilimpa mume wake mkono kwamba sitaruhusu azikwe mpaka mke wake acheke. Nilikuwa nimefika, baba. Nilimwona mdomo unacheza. Wewe ndiye uliyeniondoa."

Mwita akaiweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, na hili lazima lisemwe. Alikuwa mtu mwenye kitabu mbele yake. "Mama, umesema mbele ya watu mia kwamba umeua. Nikikuachia, mimi ndiye nitaingia mle ndani."

Nje Donatus alikamua soksi. Saa tisa ikapiga, na Zamoyoni alikuwa ameanza kusoma dua kimoyomoyo alipoingia Stanslaus, anahema, shati limemlowa jasho.

"Afande, umetuchekesha, tunashukuru," akasema. "Lakini sasa utani umezidi. Turudishieni nyama. Watu wana njaa na katekista anataka kuondoka."

"Utani gani?" akauliza Mwita.

Stanslaus akamtazama Mwita. Akamtazama Zamoyoni, aliyekuwa peku. Akakiona kitabu, akakivuta, akasoma. Aliposoma mpaka kwenye mate alikaa chini sakafuni. Mtoto wa watu, baba yake yuko kwenye jeneza, akacheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko akawa analia, na Mwita akawa amesimama juu yake hajui aite nani. Stanslaus alipopata pumzi alimweleza yote, na kwa kuwa alikuwa mfiwa mwenyewe, Mwita aliamini. Masikio yake yakawa mekundu. Kwa weusi aliokuwa nao Mwita, hiyo si kazi ndogo.

"Basi mwachie twende," akasema Stanslaus.

"Siwezi."

"Huwezi vipi?"

"Nimeshaandika mauaji." Mwita akaonyesha ukurasa. "Kurasa zina namba. Haichanwi hii, haifutwi. Mtuhumiwa wa mauaji haachiwi mpaka mkuu wa kituo aje."

Zamoyoni akasema moja ya yale maneno mawili ya Kizaramo.

Mwita akaanza kutembea, kutoka mezani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka mezani. Ni mtu mwepesi wa miguu kuliko wa kichwa, lakini kichwani namo hamkuwa mtupu. Akasimama. "Sheria inasema mtuhumiwa awe chini ya ulinzi," akasema polepole. "Mama yuko chini ya ulinzi wangu. Na ulinzi wangu uko hapa nilipo mimi."

"Na wewe uko wapi?" akauliza Zamoyoni.

"Nakwenda kuzika."

Akamwachia Donatus meza. Akamrudishia Zamoyoni ndala, koti na pama. Ikabaki sufuria, na sufuria nayo ilikuwa kielelezo, haiwezi kuachana na kesi yake. Zamoyoni alikuwa hana tena nguvu za kuibeba, na Stanslaus alikwisha kutangulia mbio kumzuia katekista. Mwita akavua kofia ya polisi, akaikunja kanga ya Zamoyoni kata, akajitwika.

Mashineni haitalisahau jambo hilo. Katikati ya barabara, mchana kweupe, askari wa mita moja na sentimita themanini na tano na sufuria ya nyama kichwani, nyuma yake Mama Zuhra na koti la maiti. Malori yalisimama. Vijana wa bodaboda, walewale waliokimbia chai, walijipanga kando. Mmoja akapata ujasiri: "Afande, unaitwa nani?"

"Mwita," akasema Mwita bila kugeuza shingo, maana mchuzi ulikuwa unacheza.

"Mwita, unamwaga upande wa kushoto."

Wakavuka reli. Makaburini walikuta jeneza limekwisha kuwekwa juu ya kamba, vijana sita wameshika ncha, katekista ameinua mkono. Stanslaus alikuwa anabishana naye na anashindwa. Zamoyoni akapenya katikati ya watu, akaenda akaketi juu ya lile tuta la udongo, akachomeka sepetu mbele yake kama mlingoti.

"Hashuki mtu hapa."

Katekista akashusha mkono. Alikuwa mwenyeji, alijua amechelewa.

"Shimo hili fupi," akasema Zamoyoni. "Mnamwona mnene tu, mnasahau sauti. Mtu huyu mashine imemla masikio. Akinong'ona, ni kupiga kelele. Akimnong'oneza mke wake usiku, mimi nyumba ya tatu naziba masikio. Mtaa mzima tulijua Suzana kakasirika lini, na tulijua wamepatana saa ngapi." Watu wakaanza kucheka. Wale vijana sita nao wakaachia kamba kidogo. "Sasa mnataka kumlaza futi sita? Leo usiku atamwambia Suzana lala salama, na Kagongwa wataamka. Chimbeni ishirini. Chimbeni mpaka mtoe dhahabu, tupate na kitu cha kula." Akainama juu ya jeneza, akaweka mkono mdomoni, akaiga ule mnong'ono wa Maduhu, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde: "Suzana wangu. Umefunga mlango?"

Ikatoka sauti ambayo hakuna aliyeitambua, kama chafya. Alikuwa Suzana. Aliziba mdomo kwa kanga, ikatoka tena. Akacheka, akacheka, mabega yanaruka, akasema neno lake la kwanza tangu Jumanne. "Nimefunga," akasema. Kisha kilio kikamtoka kwa sauti yote, na Paskalia na wanawake wenzake wakamkumbatia wakalia naye.

Zamoyoni akang'oa sepetu. "Mshusheni," akawaambia vijana.

Hakungoja kuona jeneza linazama. Aliinuka, akatembea upesi, mwendo wake mwenyewe sasa, mpaka nyuma ya ua wa minyaa uliozunguka makaburi. Mwita akamfuata na sufuria yake. Akamkuta amekaa chini, amevua pama, ameliweka mapajani, anakihangaikia kifungo cha lile koti.

"Geuka huko," akasema Zamoyoni.

"Mama, sitakiwi kukuondolea macho."

"Ng'wanawane," akamwambia, mwanangu, kwa Kisukuma, lugha aliyoisema tangu utotoni. "Watu wasinione. Mimi ni mtani. Geuka."

Mwita akaitua sufuria chini. Akageuka, akampa mgongo, akasimama kwenye ule mwanya wa ua akaujaza wote kwa mabega yake. Zamoyoni akajiuma mkono. Kule kaburini udongo ulianza kuangukia ubao.

Akasikia gari linasimama, mlango unafungwa, na ile sauti ya kuitia ng'ombe. Inspekta Juliana alikuwa amepita kituoni, amesoma kitabu. "Mwita. Mtuhumiwa wa mauaji yuko wapi? Hebu nipishe hapo."

"Samahani, afande. Haipitiki."

Kijana wa wiki mbili kazini anamzuia mkuu wake wa kituo.

"Unasemaje wewe?"

"Haipitiki, afande. Kuna kazi naifanya."

"Kazi gani?"

Mwita akabana visigino. "Ulinzi, afande."

Huenda Inspekta aliona pindo la koti la Maduhu kati ya miguu ya kijana, huenda alisikia kilio kinachobanwa. Alizaliwa Tinde, misiba ya Kisukuma alikulia ndani yake. Zamoyoni akainua macho, na chini ya minyaa akaona buti mbili kubwa, na buti mbili ndogo zinazogeuka, zinasogea, zinapangana ubavuni mwa zile kubwa. Visigino vyote vinne vilikuwa vinamtazama yeye.

Ndipo Zamoyoni akafunika uso kwa pama la Maduhu, akamlilia mtani wake.